Homa ya Tukutuku

Mjukuu wangu ameleta pikipiki uani kwangu. Si ile ya kubebea abiria. Hii ni ya mbio, imeinama mbele kama mtu anayetafuta sindano chini, kiti kimeinuka nyuma, na hapana mahali pa kukaa mtu mwenye heshima zake. Ameinunua kwa mtu wa Mtopanga aliyechoka nayo. Msichana mzima, muuguzi, ana akili zake, na bado ameniletea kitu ambacho mwenyewe wa kwanza amekikimbia. Asubuhi aliiwasha mara sita ikakataa, ya saba ikakohoa, moshi ukaingia mpaka jikoni. Niliacha mwiko ndani ya chungu nikatoka. Alidhani natoka kumgombeza. Kumgombeza nilimgombeza, lakini baadaye. Kwanza nilisimama mlangoni nikashika mwimo, maana ile harufu ya petroli mbichi na mafuta yaliyoungua ilinirudisha nyuma, nikawa tena mtoto wa miaka minane, tisa, kwetu Likoni, roho iko mkononi.

Wakati ule pikipiki tukiita tukutuku. Wenzangu wa rika langu wanajua. Mimi shule nilitolewa darasa la tatu, kwa hivyo nitaeleza kama ninavyosema, na anayetaka madoido atafute kwengine.

Babangu, Bakari, alikuwa fundi wa kukereza vyuma katika karakana moja ng'ambo ya kivuko. Kwao wote walikuwa wakulima, mihogo na minazi na mpunga kidogo bondeni, na babu yangu mpaka anakufa hakuacha kushangaa vipi mtu ana shamba lake na anapanda kivuko kwenda kushika chuma cha mtu. Lakini babangu alipenda chuma kama wengine wanavyopenda ng'ombe. Tukutuku yenyewe ilikuwa ya Singasinga mmoja wa Changamwe, aliyekuwa akishindana nayo. Ilimtupa, ikamvunja mtulinga, ule mfupa wa begani, mkewe akamwambia achague moja, yeye au hicho chuma. Akachagua mke. Babangu akatoa baiskeli yake na ndama wetu, akaichukua.

Alikuja nayo Ijumaa baada ya sala, anaisukuma. Siku ya kwanza tu, ilikuwa imeshamgomea njiani. Shati limemganda mgongoni na majirani wote wametoka vibarazani.

“Bakari! Hiyo umenunua ikubebe au uibebe?”

“Mwacheni jamani, amepata mwenzake wa kutembea naye.”

Baba akacheka, akaiegemeza ukutani chini ya paa la makuti, akaifuta kwa leso ya mamangu. Leso nzuri. Mamangu alitazama leso, akatazama tukutuku, akaingia ndani.

Tangi lake lilikuwa jekundu, refu, na ubavuni limebonyea huku na huku, mahali pa magoti. Rangi ilikuwa imelika pale kwa magoti ya yule Singasinga. Mimi niliyaona yale mabonyeo mawili nikajua kuna mtu amekaa juu yake, haonekani. Hilo sikumwambia yeyote. Lakini tangu siku hiyo sikupita mbele ya tukutuku nikiwa peke yangu. Nikizunguka nyuma ya nyumba, kwenye banda la kuku, hata kama nimetumwa na haraka.

Na ilikuwa na tabia, wallahi. Ikipata umande haiwaki. Ikiwa baridi haiwaki, ikiwa moto kupita kiasi haiwaki. Kile chuma cha kukanyagia kuiwasha kilikuwa kikirudisha teke: baba anakanyaga kwa nguvu zake zote, chuma kinaruka juu kinampiga muundi wa mguu. Nilimwona akizunguka uani kwa mguu mmoja, ameuma meno, machozi yamemlenga, mtu mzima. Kisha anarudi kuisemesha kwa upole, upole ambao mimi na mamangu hatukuuzoea. Na babangu hakusema imekataa. Alisema amekataa. “Leo huyu hataki.” “Huyu jana alinitia aibu kivukoni mbele ya watu.” “Amepaliwa, mwacheni apumue.” Basi mtoto afikirie nini?

Asubuhi za mvua alikuwa akiifungua plagi, kile kidude kinachotoa cheche, anakuja nacho jikoni amekishika kwa koleo.

“Mama Mejumaa, nipishe kidogo hapo.”

Mejumaa ndiye mimi. Mamangu anasogeza chuma cha chapati, baba anakitia kidude chake kwenye makaa kikauke, na harufu inapanda mpaka darini.

“Leo twala chapati za petroli,” mamangu anasema.

“Zina nguvu hizo.”

“Nguvu ya kunipeleka wapi? Mimi sina safari.”

Wakitaniana hivyo, lakini utani wa mamangu ulikuwa umeganda juu tu. Chini yake mlikuwa na hofu, na mimi niliijua, kwa sababu kila asubuhi tulikuwa tukiisikiliza pamoja. Siku hizo hapakuwa na kelele kama leo. Baba akishatoka uani, sauti ya tukutuku tuliifuata kwa masikio: ikipita kwenye mihogo, ikipinda njia panda, ikipanda lami, kisha inalia sauti nyembamba kama nyigu, hapo ndipo anaikimbiza, mpaka inayeyuka huko kivukoni. Mamangu anakuwa ameukanda unga nusu, mkono umo ndani ya bakuli, hautikisiki. Sauti ikiyeyuka vizuri, anasema alhamdulillahi, mkono unaanza tena. Hakuniambia nisikilize. Nilisikiliza kwa sababu yeye alisikiliza.

Siku moja alimwambia baba, mimi nikiwa mlangoni, “Bakari, hii itanikalisha eda.”

Eda nilikuwa naijua. Shangazi yangu alikuwa amefiwa na mumewe, amekaa eda mwaka huo huo, chumba cha nyuma, pazia limeshushwa, hatoki, hajipambi, na sisi watoto tukipita pale twafinywa tusicheke. Nilichungulia mara moja nikamwona amekaa juu ya mkeka, anatazama ukuta tu. Sasa nikamwona mamangu pale pale, mkeka ule ule, ukuta ule ule. Na aliyempeleka pale nilikuwa namjua. Alikuwa ameegemea nje chini ya makuti, anatona mafuta meusi mchangani.

Kisha ikaniunguza. Nilikuwa nimekimbiza kifaranga, nikajisahau, nikapita karibu nayo ilipokuwa imetoka safari, na bomba la moshi likaulamba mguu wangu. Alama ninayo mpaka leo, kubwa kama jani la mkunazi. Mamangu alinipaka utelezi wa mshubiri, baba akanikalisha pajani akanipepea.

“Nimekwambia usimkaribie. Akitoka njiani huwa moto sana.”

Moto, anakohoa, anatoa moshi, anatapika mafuta, hataki kuamka asubuhi. Nililala na maumivu yangu nikayahesabu hayo, nikayalinganisha na yangu mimi nilipokuwa na homa ya malaria. Nikaona ni mamoja. Hakuwa mbaya tu, alikuwa mgonjwa. Na mgonjwa asipotibiwa anaua watu, hilo pia nilikuwa nimelisikia.

Mamangu akaenda kwa mwalimu wa chuo. Hakuenda kwa siri, na hakuenda kwa mganga, aeleweke. Alikwenda kwa mtu wa Kur-ani, akamweleza kwamba mumewe ametekwa na chuma na yeye halali. Yule mwalimu akachukua sahani nyeupe, akaandika aya kwa wino wa zafarani, zikazunguka sahani mpaka katikati, akaziosha kwa maji ya waridi, zikawa maji ya manjano, akayatia chupani. Kombe. Mimi nilikuwapo, nimekaa nachezea vidole vyangu. Kombe nilikuwa nimelinywa nilipokuwa na homa, siku tatu, na homa ikateremka. Kwangu halikuwa jambo la kubahatisha.

Jioni mamangu akamimina kikombe akamwekea baba mbele.

“Nini hiki?”

“Kombe. Unywe, moyo wako utulie.”

“Moyo wangu umetulia. Mimi siumwi.”

“Bakari, kunywa kwa bismillahi, hupotezi kitu.”

Baba akakisukuma kikombe taratibu, akaelekeza kidevu nje. “Anayeumwa ni yule pale. Kama una kombe mpe yeye, labda asubuhi ataamka.”

Akacheka. Mamangu hakucheka. Alikirudisha kikombe chupani, tone lisimwagike, akaitia chupa chini ya kitanda. Na mimi nikabaki na lile neno. Mpe yeye. Babangu alikuwa mtu wa kutiiwa. Alichosema baba nyumbani kwetu kilifanywa. Nikasubiri mamangu akifanye. Siku ya kwanza hakufanya, siku ya pili hakufanya. Mchana wa Ijumaa baba alikula pilau akalala, mamangu alikwenda kwa jirani kusukwa, nyumba ikanyamaza. Nikaona basi nimebaki mimi.

Niliogopa, nisiseme uongo. Kuvuka ule ua, jua limesimama wima, na kwenda mbele ya yale mabonyeo ya magoti, kulinichukua muda mrefu kuliko kwenda sokoni na kurudi. Niliichukua chupa. Nilisimama juu ya kinu nifike. Kifuniko cha tangi nilikuwa nimeona baba akikizungusha, nikakizungusha, kikatoa pumzi, fff, nikataka kukimbia. Ndani kulikuwa giza. Nikasema bismillahi kama nilivyosemewa mimi, nikamnywesha. Nusu chupa. Nusu nikabakisha kwa siku ya pili na ya tatu, maana dawa ina utaratibu wake. Kisha nikakipiga kile chuma kwa kiganja mara moja tu, haraka, kama unavyompapasa mgonjwa usiyempenda.

Jumamosi asubuhi ikawaka kwa kanyago la kwanza.

Baba alipiga ukelele wa furaha. “Umemwona? Umemwona huyu leo?” Na mimi, Mungu anisamehe, nilisimama pale nimevimba kichwa. Nilikuwa nimemwokoa babangu. Akatoka. Mamangu akatia mkono kwenye unga, tukaanza kusikiliza. Mihogoni. Njia panda. Lami. Ile sauti ya nyigu, ikapanda, ikapanda zaidi kuliko siku zote.

Haikuyeyuka. Ilikatwa.

Kuna kimya cha kawaida na kuna kimya kile. Mamangu aliinua uso akanitazama kama kwamba mimi ningejua. Unga ulikuwa umemganda mpaka kiwikoni. Tulisubiri irudi, ilikuwa na tabia ya kuzima na kuwaka. Haikurudi. Ndipo mamangu akatoka mbio bila ya buibui, mara ya kwanza na ya mwisho mimi kumwona njiani hivyo, na nusu ya njia akakutana na mama mmoja muuza mahamri anayekuja huku anahema.

“Mama Mejumaa, usilie kwanza. Yu hai. Nakwambia yu hai.”

Baba alikuwa anateremka kwenda kivukoni, anaipita lori ya nazi, na lori nyengine inapanda kutoka chini. Katikati hapo tukutuku ikakohoa ikafa. Akabaki baina ya lori mbili, hana mwendo wa kwenda mbele wala nafasi ya kurudi. Aliitupa kando mwenyewe, akaingia mtaroni nayo juu yake. Mguu ulivunjika pawili, na mbavu. Walimvusha kwenda hospitali, akakaa huko wiki nyingi, na mimi kila siku nikienda kuitazama ile nusu chupa chini ya kitanda. Sikuelewa. Dawa ilikuwa imefanya kazi, ikawaka kwa kanyago la kwanza. Nilidhani ni kwa sababu hatukumaliza siku tatu.

Mwenzake baba wa karakanani ndiye aliyesema. Alikuja kuitazama tukutuku, ilikuwa imeletwa kwa mkokoteni, akafungua kitu chini yake, akanusa, akapaka kidoleni. “Mafuta yana maji haya,” akasema. “Mtu ametia maji.”

Maji. Na kombe nalo lilikuwa maji. Usiku huo huo nilielewa kila kitu, na nikaelewa peke yangu.

Mafuta baba alinunua kwa Musyoka. Musyoka alikuwa mtu wa bara, ameketi njia panda na meza yake, anauza petroli kwenye chupa na kuziba pancha. Mtu mpole. Lakini wa bara, na kwetu siku hizo kitu kikiharibika wa bara alitazamwa kwanza, tusidanganyane. Vijana hawakungoja baba atoke hospitali. Walikwenda wakapindua meza wakamvunjia chupa zote. Asubuhi nikipita kwenda chuoni nilimkuta amechutama anaokota vigae mchangani kwa mikono mitupu. Aliinua kichwa.

“Mtoto wa fundi. Baba anaendelea aje?”

Nilikimbia. Nilikimbia mpaka chuoni na nikasoma sura nzima bila ya kusikia sauti yangu mwenyewe.

Hofu ya tukutuku ilikuwa hofu ya kitu cha nje. Naizunguka kwa bandani. Hii mpya niliamka nayo na kulala nayo. Baba akijua, atanifanya nini? Asipojua, Musyoka atafanywa nini? Sikupata jibu. Nikaanza kukojoa kitandani, mkubwa mzima, mamangu akanifinya na kunihurumia kwa zamu.

Baba alirudi na plasta mpaka pajani. Siku ya tatu akaagiza Musyoka aitwe. Alikuja peke yake, kofia mkononi, na nyuma yake kundi la watu waliokuja kuona.

“Mzee, pole kwa mguu,” akasema.

“Nimeshapoa. Musyoka, ulinitilia maji?”

“Mimi siwezi weka maji kwa mafuta, mzee. Nikiweka, nani atarudi kununua? Hata wewe si umenunua kwangu siku mingi?”

“Basi tutazame, wote waone.”

Akaamuru tangi lifunguliwe, limiminwe kwenye beseni jeupe la mamangu. Baba amekaa kitini, mguu umenyooka mbele kama gogo. Petroli ikashuka. Kisha kwa chini, polepole, kikajikusanya kitu chengine, kikaketi katikati ya beseni jeupe. Kilikuwa manjano. Manjano ile ya zafarani, hakuna maji ya bomba yenye rangi ile.

Baba aliinama akakitazama. Alitazama muda mrefu. Kisha akainua macho, hakumtazama Musyoka. Alimtazama mamangu.

Sijapata kuona macho kama yale. Mamangu akatazama beseni, akaona, na kwa namna anayojua mama pekee akageuza shingo kidogo tu, akaniona mimi nimejibana kwenye nguzo. Akaniona akajua. Kisha akarudisha uso kwa mumewe.

“Ni mimi,” akasema.

Baba akafungua mdomo. Mbele ya watu wale, na mguu ule, na hasira ile. Nilijua mtu akifungua mdomo hivyo kwa mkewe neno gani laweza kutoka, na likishatoka halirudi. Nilikuwa nimeona mke wa jirani yetu akiondoka na sanduku lake kichwani kwa neno lile. Nilitambaa, si kusema tu, nilitambaa kwa magoti mpaka mbele ya beseni.

“Si mama. Ni mimi, baba.”

“Wewe Mejumaa?”

“Abee.”

“Nani alikutuma?”

“Wewe.”

Watu wakaguna. Baba akaniinamia, mbavu zikamchoma, akashika ubavu. “Mimi?”

“Ulisema anayeumwa ni yeye. Ulisema apewe yeye. Mama hakumpa, nikampa mimi. Nusu. Kwa bismillahi.” Na hapo kilio kikanishinda, nikamaliza kwa kwikwi. “Ili asikuue.”

Musyoka ndiye aliyesema kwanza. Aliigeuzageuza kofia yake, akaitazama tukutuku iliyopinda usukani, taa imetoka kama jicho, akauliza kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli:

“Na amepona?”

Babangu alicheka. Akacheka na kulia, maana mbavu, anatuomba tusimchekeshe na anayecheka ni yeye. Watu wakaangua. Mamangu pekee hakucheka. Aliingia ndani, nikamsikia amekaa kitandani kwa kishindo, kama mtu aliyekatwa kamba.

Sikupigwa. Baba alinituma kwenda nyumba kwa nyumba kuomba chupa tupu za Musyoka, na kila mlango niseme kwa nini. Si wale vijana, mimi. Chupa zilipotimia nilizibeba kwa kikapu mpaka njia panda, Musyoka akazipanga moja moja mezani, akanipa ahsante. Nilitamani angenitukana.

Mnadhani baba aliiuza tukutuku? Aliitengeneza. Alikereza vipande mwenyewe, na mguu ulipofunguliwa ukawa mfupi kuliko mwenzake, akaongeza chuma kwenye kanyagio mguu ule ufike. Mamangu alisema yote aliyokuwa nayo ya kusema, siku moja, kisha hakusema tena. Kwa mguu ule, kutembea mpaka kivukoni kulikuwa mateso, na kazi iko ng'ambo. Hilo hata mimi niliona.

Asubuhi ya kwanza aliniita, akanipa bilauri tupu ya kunywea chai.

“Kila siku kabla sijawasha, legeza hiki kibomba hapa chini ya tangi, kinga mafuta kidogo, yainue juani. Maji hukaa chini, mafuta juu. Ukiona hata tone, mimi sitoki. Ukiona safi, sema safi.”

“Abee.”

“Usiponiambia wewe, siwashi.”

Sijui kama alikusudia adhabu au alikusudia dawa. Nimezaa, nimelea, nimezika mume, na bado sijui. Labda alidhani nikishika kazi hofu itaniondoka. Hakujua alichonitwika. Mwanzoni tukutuku ndiyo iliyokuwa ikimchukua. Sasa nilikuwa mimi ninayemtoa. Nikisema safi, anaondoka. Nilikuwa naiinua ile bilauri kwa mikono miwili na jua linapita ndani yake, naitazama mpaka macho yanauma, natafuta tone, na sijui kama nataka kuliona au sitaki.

Niwaambie tu, msikae mkisubiri damu. Babangu hakuuliwa na tukutuku. Alikufa mzee, kitandani, kwa maradhi ya tumbo, na tukutuku ilikuwa zamani imeshauzwa vipande. Lakini mtoto hajui ya mbele. Mtoto anayo asubuhi ile moja tu aliyosimama ndani yake.

Mvua za mwaka zikaanza. Barabara ya kuteremka kivukoni ikawa inateleza kama kamasi, na juzi yake baba alikuwa amerudi kiwiko kimechunika, anasema si kitu. Niliinua bilauri. Mafuta yalikuwa safi, safi ya asali, hata uchafu hamna.

“Kuna maji, baba.”

Akachechemea mpaka nilipo. Akaichukua, akaiinua kwenye mwangaza wa mawingu.

“Wapi?”

“Hapo chini.”

Alitazama bilauri. Kisha akaniangalia mimi, hata nikaona kope zake zina matone ya mvua. Nilingoja kibao.

“Macho yako mazuri kuliko yangu,” akasema. “Yapo.”

Akayamwaga mchangani, akaenda kazini kwa miguu.

Alirudi magharibi imeingia. Hakuweza kuvua kiatu. Mamangu alikikata kwa kisu. Mguu ulikuwa umevimba mpaka goti, umekuwa wa rangi nisiyoweza kuisema, na akautia kwenye maji ya chumvi huku amefumba macho, hanung'uniki, na mimi nimekaa pembeni nashika taulo. Mamangu hakujua kwa nini alikwenda kwa miguu.

Asubuhi yake mvua ilikuwa bado inanyesha. Baba alitoka na kiatu kimefungwa kwa kamba, akanyoosha mkono na bilauri, akasimama kando ya tukutuku. Hakunihimiza. Nilikinga, nikainua. Nikatazama juu, nikatazama chini. Alikuwa ananingoja, na nilijua kwamba nikisema yapo, atasema yapo, na ataondoka kwa mguu ule bila ya kugeuka.

“Safi, baba,” nikasema. Nikakifunga vizuri kile kibomba, nikajipangusa mikono kwenye kanzu, nikaenda kumfungulia lango.